Damu ya babu na bei ya pasipoti: Italia ilivyowafungia mlango vitukuu

Kwa miongo mingi, mtu aliyezaliwa Sao Paulo, Buenos Aires au New Jersey aliweza kudai uraia wa Italia kwa sababu tu babu wa babu yake alipanda meli katika bandari ya Genoa mwishoni mwa karne ya 19. Sheria namba 91 ya mwaka 1992 haikuweka ukomo wa vizazi. Ilitosha kuthibitisha kwamba mzee huyo alikuwa hai siku Ufalme wa Italia ulipotangazwa, Machi 17, 1861, au baada ya hapo, na kwamba hakuchukua uraia wa nchi nyingine kabla ya kuzaliwa mtoto anayefuata katika mlolongo wa ukoo.

Mlango huo ulifungwa katika usiku mmoja. Machi 28, 2025, Serikali ya Waziri Mkuu Giorgia Meloni ilitoa amri ya dharura yenye nguvu ya sheria, namba 36, ambayo Bunge liliithibitisha Mei mwaka huo kuwa Sheria namba 74. Tangu hapo, kwa mtu aliyezaliwa nje ya Italia na mwenye uraia mwingine, damu inahesabika hadi kwa mjukuu tu. Tena lipo sharti: mzazi, babu au bibi anayetegemewa awe na uraia wa Italia peke yake, au awe alikuwa nao peke yake hadi siku aliyofariki. Njia nyingine ni kwa mzazi ambaye, akiwa tayari raia, aliishi Italia miaka miwili mfululizo kabla mtoto huyo hajazaliwa. Kitukuu, kilembwe na kilembwekeza wamebaki nje.

Mjadala uliofuata umejaa maneno mazito kuhusu damu, asili na utaifa. Hata hivyo, ukiyaweka kando maneno hayo na kutazama ni nani aliyepita kabla ya mlango kufungwa na ni nani aliyeachwa, jambo linalojitokeza ni fedha. Sheria mpya iliwanusuru watu ambao maombi yao yalikuwa yamepokelewa hadi saa 5:59 usiku wa Machi 27, 2025 kwa saa za Roma, pamoja na wale waliokuwa wamekwisha kupewa tarehe ya miadi ubalozini kufikia muda huo. Aliyekuwa kwenye foleni bila tarehe hakuhesabiwa, hata kama jina lake lilikuwa katika orodha kwa miaka mingi.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, ni lazima kuifahamu foleni yenyewe na gharama zake.

Ada rasmi ndiyo sehemu inayoonekana. Hadi mwaka 2014, kuomba kutambuliwa kuwa raia wa Italia katika ubalozi mdogo hakukuwa na ada. Mwaka huo, katika sheria ileile iliyowafutia Waitaliano stempu ya kila mwaka ya euro 40.29 iliyokuwa ikibandikwa kwenye pasipoti, iliingizwa ada ya euro 300 kwa kila mtu mzima anayeomba uraia kwa njia ya ukoo. Kwa maneno mengine, msafiri wa Milano alipunguziwa mzigo na mjukuu wa mhamiaji aliyeko Rosario akaongezewa, pengine kwa sababu huyu wa pili hakuwa na namna ya kulalamika.

Bajeti ya mwaka 2025 ikaipandisha ada hiyo mara mbili, hadi euro 600, kuanzia Januari 1, 2025. Fedha hizo hazirudishwi hata ombi likikataliwa. Bajeti hiyohiyo iliziruhusu halmashauri za miji ya Italia kutoza hadi euro 600 kwa ombi linalowasilishwa kwao moja kwa moja, na hadi euro 300 kwa cheti cha mtu ambaye kumbukumbu yake ina umri wa zaidi ya karne moja. Cheti cha namna hiyo kwa kawaida kilikuwa kikitolewa bure.

Mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa mahakamani. Awali, kesi ya uraia ilifunguliwa kwa ada ya euro 545 bila kujali idadi ya wadai, na ndiyo maana koo nzima zilijikusanya katika shauri moja: shangazi, binamu, wapwa na watoto wao. Kuanzia Januari 2025, kila mdai hulipa euro 600 zake. Ukoo wa watu 20 ambao mwaka 2024 ungefungua kesi kwa euro 545, miezi michache baadaye ulitakiwa kulipa euro 12,000 kabla wakili hajafungua kinywa.

Kwa Mbrazili wa kawaida, hizo si fedha ndogo. Kima cha chini cha mshahara nchini humo mwaka 2025 kilikuwa reais 1,518 kwa mwezi, ambazo hazifiki euro 250. Ada ya mtu mmoja tu ni zaidi ya mishahara miwili ya namna hiyo.

Lakini waliopitia safari hiyo husema kwamba ada rasmi huja mwishoni. Fedha huanza kumwagika kwenye makaratasi. Chukua mfano wa familia ya Rio Grande do Sul ambayo mwanzilishi wake alikuwa mkulima kutoka mkoa wa Belluno, kaskazini mwa Italia. Kwanza inatakiwa kujua kijiji alikotoka, maana Italia haina ghala moja la vyeti vya kuzaliwa. Kila halmashauri hutunza daftari lake. Veneto iliunganishwa na Ufalme wa Italia mwaka 1866, na daftari la kiserikali likaanza huko mwaka 1871. Aliyezaliwa kabla ya hapo ana cheti cha ubatizo tu, na hicho kiko mikononi mwa paroko.

Kisha vinafuata vyeti vya kila kizazi: kuzaliwa, ndoa, na mara nyingi kifo. Kwa vizazi vinne ni karatasi kumi au zaidi, na kila moja hutafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa na kugongwa muhuri wa uthibitisho wa kimataifa unaoitwa apostili. Brazil ilianza kuutumia mfumo huo Agosti 2016. Kabla ya hapo vyeti vilizungushwa kutoka ofisi moja hadi nyingine kabla ya kufika ubalozini.

Kuna pia karatasi inayothibitisha jambo ambalo halikutokea. Mwombaji anatakiwa kuonyesha kwamba babu yake hakuwahi kuchukua uraia wa nchi aliyohamia, au kama aliuchukua, aliuchukua baada ya mtoto kuzaliwa. Nchini Marekani, cheti cha Idara ya Uhamiaji kinachosema kwamba jina fulani halikupatikana katika kumbukumbu za waliopewa uraia kimekuwa kikitozwa dola 330 tangu Aprili 2024. Ni ghali kidogo kwa karatasi inayosema kwamba hakuna kitu.

Zaidi ya hapo ni suala la majina. Giuseppe alishuka melini akaandikwa Jose au Joseph, jina la ukoo likapoteza herufi moja, tarehe ya kuzaliwa ikakadiriwa na karani wa bandari. Makosa ya namna hiyo hayakumzuia mtu kulima, kuoa na kuzikwa. Mjukuu wake anapotaka pasipoti, hata hivyo, kila kosa huweza kuhitaji amri ya mahakama ya huko huko Brazil au Argentina ili lisahihishwe, na hapo anaingia wakili wa kwanza. Wakili wa pili atapatikana Italia.

Baada ya makaratasi kukamilika, ndipo foleni ilipoanza. Katika ubalozi mdogo wa Sao Paulo, orodha ya wanaosubiri kuitwa ilizidi miaka kumi. Kwingine nafasi zilitolewa kwa njia ya intaneti, zikifunguliwa kwa saa za Roma na kumalizika katika muda wa sekunde chache, hali iliyozaa vishoka waliokuwa wakiuza tarehe za miadi ambazo kisheria hazina bei. Kanuni za Italia zilikuwa zikisema kwamba ombi la uraia lijibiwe ndani ya siku 730. Kanuni hiyo ndiyo iliyowapa mawakili hoja: kwa kuwa ubalozi hauwezi kutimiza wajibu wake kwa wakati, mwombaji ana haki ya kwenda moja kwa moja mahakamani nchini Italia.

Hapo ndipo njia mbili zilipoachana. Mwenye uwezo alimlipa wakili, akafungua kesi Venice, Roma au Brescia, na shauri lake likapata tarehe ya kupokelewa. Asiye na uwezo alibaki kwenye orodha ya ubalozi, akisubiri huduma ambayo wakati huo ilikuwa nafuu zaidi. Machi 27, 2025 ilipopita, wa kwanza alibaki chini ya sheria ya zamani na wa pili akahukumiwa kwa sheria mpya. Wawili hao wanaweza kuwa ndugu, wajukuu wa mtu mmoja, wenye vyeti vilevile.

Kinachoongeza uchungu ni kwamba wengi wao walikwisha kulipia vyeti, tafsiri na mihuri. Hakuna anayewarudishia. Jambo kama hilo liliwakuta pia wazao wa wahamiaji wa Marekani hata kabla ya amri ya Machi. Waraka wa Wizara ya Mambo ya Ndani wa Oktoba 3, 2024, uliofuata hukumu za Mahakama ya Juu ya Rufaa, ulieleza kwamba mzazi aliyechukua uraia wa nchi nyingine mtoto wake akiwa bado mdogo alikata mnyororo wa uraia kwa mtoto huyo. Familia zilizokuwa zimekusanya nyaraka kwa miaka mingi kwa kufuata tafsiri ya awali zilijikuta na majalada yasiyo na kazi.

Pamoja na hayo, haitakuwa haki kusema kwamba Serikali ya Roma haikuwa na sababu. Kwa mujibu wa takwimu za Wizara ya Mambo ya Nje ya Italia, raia wa nchi hiyo wanaoishi ng'ambo waliongezeka kutoka takribani milioni 4.6 mwaka 2014 hadi milioni 6.4 mwaka 2024. Nchini Argentina, waliotambuliwa kuwa raia walipanda kutoka karibu 20,000 mwaka 2023 hadi 30,000 mwaka 2024, na nchini Brazil kutoka zaidi ya 14,000 mwaka 2022 hadi 20,000 mwaka 2024. Mashauri zaidi ya 60,000 yalikuwa yakisubiri mahakamani. Wizara hiyo ilikadiria kwamba watu kati ya milioni 60 na milioni 80 duniani wangeweza kudai uraia kwa sheria ya zamani, idadi inayolingana na wakazi wote wa Italia au kuwazidi.

Mzigo huo uliangukia miji midogo ambayo wahamiaji walitoka. Mapema mwaka 2025, meya wa Val di Zoldo, mji mdogo wa milimani mkoani Belluno, alipandisha bendera ya Brazil kwenye jengo la halmashauri kama ishara ya kulalamika kwamba makarani wake walikuwa wakishughulikia vyeti vya wazao walioko Brazil kiasi cha kushindwa kuwahudumia wakazi. Ofisi yenye watumishi wachache haiwezi kufukua daftari za mwaka 1875 kila asubuhi na wakati huohuo kuandika vifo na ndoa za mwaka huu.

Aidha, wengi waliopewa pasipoti hizo hawakukusudia kuishi Italia. Kwa pasipoti ya bluguni iliyoandikwa Jumuiya ya Ulaya, mtu wa Cordoba anaweza kufanya kazi Barcelona, ambako lugha ni yake, au kuingia Marekani kwa safari fupi kwa kibali cha mtandaoni cha dola 40 badala ya viza ya dola 185. Serikali iliona hiyo ni biashara ya uraia. Ni kweli ilikuwa biashara, ila ni biashara ambayo Serikali yenyewe ilikuwa na kibanda ndani ya soko hilo, ikipandisha bei kutoka sifuri hadi 300 na kutoka 300 hadi 600, na miezi mitatu baada ya kupandisha mara ya mwisho ikafunga.

Suala hilo lilichochewa pia na tukio la Desemba 2024, pale Rais wa Argentina, Javier Milei, alipopewa uraia wa Italia kwa asili ya mababu zake wakati wa ziara yake mjini Roma. Vyama vya upinzani vilihoji iweje rais wa nchi nyingine apate kwa haraka kile ambacho watoto wa wahamiaji waliozaliwa na kusoma Italia hawapati hadi wafikishe miaka 18. Mgeni kutoka nje ya Jumuiya ya Ulaya anatakiwa kuishi nchini humo miaka kumi kisheria kabla ya kuomba. Kura ya maoni ya Juni 8 na 9, 2025 iliyotaka kuipunguza miaka hiyo hadi mitano ilikwama kwa sababu waliojitokeza walikuwa takribani asilimia 30, wakati sheria inadai zaidi ya nusu ya wapigakura.

Hivyo Italia imewabana wa damu ya mbali bila kuwalegezea waliozaliwa karibu. Mahakama ya Katiba, ilipoulizwa kuhusu sheria ya zamani, ilikataa katika hukumu yake namba 142 ya Julai 2025 kuweka ukomo wa vizazi kwa niaba ya Bunge.

Kwa aliyekwisha kuipata pasipoti, gharama hazikomi. Kitabu chenyewe hugharimu takribani euro 116 na hudumu miaka kumi kwa mtu mzima. Lakini raia anayeishi nje anatakiwa kuandikishwa katika daftari la Waitaliano walioko ng'ambo na kutoa taarifa za ndoa, talaka, watoto na mabadiliko ya makazi. Mabadiliko yaliyoanza mwaka 2024 yameweka faini ya kati ya euro 200 na 1,000 kwa kila mwaka ambao mhusika hakujiandikisha. Anayekumbuka kwamba yeye ni Mwitaliano siku ya kuhuisha pasipoti tu anaweza kukuta hesabu imemsubiri.

Nchi nyingine za Ulaya zimechagua bei tofauti, na bei hizo zinasema mengi kuhusu namna kila taifa linavyomtazama mjukuu wake. Ireland humruhusu mtu ambaye babu au bibi yake alizaliwa katika kisiwa hicho kujiandikisha katika Daftari la Waliozaliwa Nje kwa euro 278, au euro 153 kwa aliye chini ya miaka 18, kisha akalipa euro 75 za pasipoti ya miaka kumi kwa njia ya mtandao. Kitukuu naye anaweza kupita, ila tu kama mzazi wake alijiandikisha kabla yeye hajazaliwa. Baada ya Waingereza kupiga kura ya kujitoa Jumuiya ya Ulaya Juni 2016, wengi wao waligundua ghafla kwamba walikuwa na bibi wa Cork au Belfast. Mwaka 2022 Ireland ilitoa pasipoti zaidi ya milioni moja.

Ujerumani, kwa upande wake, haitozi chochote kwa wazao wa watu walionyang'anywa uraia na utawala wa Wanazi. Kutozwa ada ili kurudishiwa kilichoibwa kungekuwa fedheha. Austria imefanya hivyohivyo tangu Septemba 2020. Hispania ilipowafungulia mlango mwaka 2015 wazao wa Wayahudi waliofukuzwa mwaka 1492, ada ya ombi ilikuwa euro 100 tu. Ila waombaji walitakiwa kufanya mitihani ya lugha na katiba, kuthibitisha nasaba ya zaidi ya karne tano, na kusafiri hadi Hispania kusaini mbele ya mthibitishaji wa nyaraka. Dirisha hilo lilifungwa Oktoba 2019.

Uingereza haitoi pasipoti kwa mjukuu, bali humpa ruhusa ya kuja kuitafuta. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, Kenya na Tanzania zikiwamo, ambaye babu au bibi yake alizaliwa Uingereza anaweza kuomba viza ya asili ya miaka mitano. Ada ya viza mwaka 2025 ilikuwa zaidi ya pauni 600, lakini juu yake kuna tozo ya huduma za afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka, yaani pauni 5,175 zinazolipwa zote kwa mkupuo. Miaka mitano ikiisha, ukaazi wa kudumu ulikuwa pauni 3,029. Mjukuu huyo atakuwa ametumia zaidi ya pauni 8,800 na bado hajafika kwenye ombi la uraia, achilia mbali pasipoti.

Kipimo hicho cha babu si kigeni Afrika Mashariki. Machi 1968, Bunge la Uingereza lilipitisha kwa siku tatu tu sheria ya uhamiaji iliyowalenga hasa Waasia wa Kenya. Watu hao walikuwa na pasipoti halali za Uingereza, lakini kuanzia hapo hawakuweza kuingia nchini humo kwa hiari yao isipokuwa wao wenyewe, mzazi, babu au bibi awe alizaliwa au kupewa uraia ndani ya Uingereza. Mwenye babu wa Yorkshire alipita. Mwenye babu wa Gujarat alisubiri kibali cha mgawo. Ilihitaji sheria nyingine, ya mwaka 2002, kuwawezesha waliosalia bila uraia mwingine wowote kujiandikisha kuwa raia kamili.

Wagoa wa Nairobi, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wanayo njia yao. Goa ilikuwa chini ya Ureno hadi Desemba 1961, na Lisbon huwatambua waliozaliwa huko kabla ya hapo pamoja na watoto wao. Kazi kubwa ni kuihamisha kumbukumbu ya kuzaliwa ya mzee, kisha ndoa yake, kutoka daftari la Goa kwenda daftari kuu la Ureno, kabla mtoto hajaanza ombi lake. Kosa la herufi katika jina la bibi lina nguvu ileile kama lile la Sao Paulo.

Katika pwani, wenye asili ya Oman waliondoka Zanzibar kwa wingi baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengi wao walipokewa Muscat baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Hapo swali la msingi lilikuwa ukoo na kabila, na aliyekuwa na wazee wa kumthibitisha alikuwa na mtaji mkubwa kuliko mwenye fedha.

Sheria mpya ya Italia nayo inagusa pwani hiyohiyo. Malindi na Watamu zimekuwa na Waitaliano tangu miaka ya 1960, kilipojengwa kituo cha anga cha San Marco huko Ngomeni, na wengine wameoa na kuzaa huko. Mtoto wa Mwitaliano wa Malindi asiye na uraia mwingine hana shida. Mjukuu wake pia anaweza kudai. Lakini kitukuu hataweza, labda mzazi wake akaishi Italia miaka miwili kwanza. Na kama mzee mwenyewe, baada ya miaka mingi Kenya, ataamua kuchukua uraia wa nchi aliyoizoea, hatakuwa tena na uraia wa Italia peke yake, na wajukuu wanaomtegemea wanaweza kujikuta wamepoteza nguzo waliyoiegemea. Familia zenye hali hiyo zina sababu ya kuandikisha watoto mapema ubalozini badala ya kusubiri wakue.

Kenya yenyewe, tangu Katiba ya 2010, inaruhusu uraia wa nchi mbili, ingawa inawakataza maofisa wa Serikali walio wengi kuwa nao. Tanzania ni tofauti, na hapa ndipo bei ya kweli ya pasipoti ya babu inapobadilika sura. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Mtanzania mtu mzima anayechukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine anaupoteza wa Tanzania, na mtoto aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili anatakiwa kuchagua anapofikisha umri wa utu uzima. Anayefuata euro 278 za Dublin anaweka mezani haki ya kupiga kura, na pia haki ya kumiliki ardhi, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji.

Marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi yaliyopitishwa na Bunge mjini Dodoma mwaka 2025 yamefungua njia ya hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Hadhi hiyo si uraia na haina kura ndani yake. Mwenye kuiomba naye atatakiwa, kama kilembwe wa Belluno, kuonyesha kwa karatasi kwamba mzazi, babu au bibi yake alikuwa wa hapa, katika nchi ambayo wazee wengi wa kizazi hicho walizaliwa nyumbani, mikononi mwa wakunga, bila cheti chochote.